Bibi Wawili wa Daraja la Banlin

Mjini, 25 Agosti 1966

Mdogo wangu Yinjiao,

Nakusalimu wewe, shemeji Mugen na watoto. Mimi ni mzima, isipokuwa kikohozi cha vumbi la barabara mpya ambacho hakitaki kuniaga. Viazi vikavu ulivyoniletea nimekula mpaka wenzangu ofisini wakaanza kunisema.

Nakuandikia kwa jambo moja. Kuna wageni watakuja Banlin hivi karibuni. Ni vijana, ni wengi, wana haraka, na hawapendi kitu chochote cha zamani. Nawe unajua Bibi alivyo wa zamani. Sipendi wamkute pale anapokaa, penye upepo, mbele ya macho ya kila mpita njia. Mhamishe. Mpandishe darini kwenu, mfunike magunia, na asijue mtu ila wewe na Mugen. Mbebeni polepole, maana mkono wake wa kushoto umelegea.

Usiniulize mengi, dada. Fanya tu, na ufanye mapema.

Kaka yako,
Ye Qinglai


Banlin, 31 Agosti 1966

Kaka Qinglai,

Barua yako ilifika jana, nikamsomea Bibi mwenyewe nikiwa nimesimama mbali kidogo, maana nilijua itakuwaje. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua maharage. Kisha akasema, "Mwambie kaka yako mimi si mtungi wa mboga za chumvi. Sipandishwi darini." Mugen akajaribu kumbembeleza: "Bibi, ni siku mbili tatu tu, wageni wakiondoka unashuka." Akamjibu, "Na nikitaka kukojoa, utapanda na ndoo wewe?" Watoto walicheka mpaka wakapaliwa.

Kuhusu mkono wa kushoto, sijui nani kakwambia umelegea. Juzi alimzaba nao mtoto wangu wa pili, na alama bado ipo.

Kwa hiyo, Kaka, Bibi yupo vilevile kama siku zote, asubuhi nyumbani, mchana darajani na wazee wenzake, akiwagawia wapita njia chai ya ndoo. Nani atamsumbua mwanamke wa miaka themanini kwa kukaa kwenye daraja la paa alilolijenga mume wake? Hao wageni wako wakija tutawapa chai na wao.

Ila kuna jambo moja. Tulipokwisha kubishana, nilimwona Bibi amekaa kizingitini anacheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema, "Nacheka ujinga wa wajukuu niliowasomesha." Sikumwelewa.

Mpunga wa ng'ambo umeanza kubadilika rangi. Mwaka huu tutavuka na mizigo mpaka migongo iume.

Mdogo wako,
Yinjiao


Mjini, 4 Septemba 1966

Yinjiao,

Sina muda, na sikutaka kuandika hivi. Si Bibi yetu. Namaanisha Bibi wa darajani, yule wa kuchongwa kwa mti aliye kwenye madhabahu katikati ya daraja, mwenye taji na mtoto mkononi, ambaye Mama alimpigia magoti kabla ya kukuzaa wewe. Mtoeni leo. Wameshaondoka hapa mjini, wanatembea kijiji kwa kijiji.

Choma barua hii.

Q.


Banlin, 9 Septemba 1966

Kaka,

Barua yako nimeichoma jikoni kama ulivyosema. Lakini ilifika siku moja baada yao.

Walikuja kama thelathini, vitambaa vyekundu mkononi, ngoma mbele. Anayewaongoza ni Suqin, binti wa mwalimu Huang wa shule ya sekondari, yule aliyekuja kwetu akiwa mdogo kuugulia surua, Bibi akamwogesha kwa majani. Walianza na vile vibao vya mashairi kwenye nguzo, wakaving'oa na kuvivunja kwa magoti. Chetezo cha ubani wakakitupa mtoni. Ndoo ya chai nayo ikapigwa teke, sijui chai ilikuwa na kosa gani. Kisha wakafungua madhabahu.

Kaka, mlikuwa hamna kitu. Kiti kitupu, na mduara safi kwenye vumbi mahali alipokuwa amekaa.

Hapo ndipo nilipoelewa kile kicheko cha kizingitini. Bibi alikuwa ameshakuelewa tangu barua ya kwanza. Jirani ananiambia alimwona juzi alfajiri akitoka darajani na kikapu mgongoni, kimejaa majani ya viazi ya nguruwe, ameinama kupita kiasi kwa mzigo wa majani.

Suqin akamfuata pale alipokaa kwenye benchi. Akamuuliza kwa sauti ya watu wote kusikia, "Bibi yuko wapi?"

Bibi akamwambia, "Bibi ndiye mimi. Nipo hapa, nibebe."

"Usinichezee. Nasema sanamu."

"Mwanangu, kuniita sanamu si adabu. Bado napumua."

Watu walitaka kucheka, wakaogopa. Suqin alibadilika rangi mpaka shingoni. Walipekua kila nyumba, wakatoboa magunia yetu ya mchele, wakapanda darini pale ulipotaka tumfiche, wakateremka na utando wa buibui. Hawakupata kitu. Nami namuuliza Bibi kila mara amemweka wapi, anasema, "Usichokijua hakitakuponyoka."

Sasa sikiliza. Kabla hawajaondoka Suqin alipanda juu ya benchi akasema hivi: sanamu lisipoletwa mjini kabla ya sikukuu ya taifa, daraja zima litabomolewa, kwa sababu daraja zima ni kiota cha ushirikina, na magogo yake yatajengea ukumbi wa mikutano. Mugen akamuuliza, "Na mashamba yetu ya ng'ambo tuyafikieje?" Akajibiwa, "Mtaogelea."

Nilimwomba Bibi amtoe. Nilipiga magoti, Kaka. Nilimwambia mti ni mti, lakini bila daraja watoto hawatakula. Akanitazama akasema, "Babu yako alijenga nyumba ili yule akae ndani. Wewe unataka nimtoe mwenye nyumba ili nyumba isalimike." Kisha akaenda kulala.

Wewe uko ofisi ya barabara. Madaraja yote yanapita mezani kwenu. Fanya jambo. Fanya lolote.

Yinjiao


Mjini, 20 Septemba 1966

Kwa Ndugu Ye Yinjiao, Kijiji cha Banlin.

Barua yako ya tarehe tisa imepokelewa, na imesomwa na wote wanaopaswa kuisoma.

Nakuarifu kwamba pendekezo nililolitoa mbele ya mkutano wa vijana limekubaliwa. Daraja la Banlin halitabomolewa, bali litavuliwa ushirikina na kutumika kuelimisha wakulima. Madhabahu ivunjwe. Mbao za ubavuni, upande wa juu wa mto na upande wa chini, zipakwe chokaa, na maneno ya uongozi yaandikwe juu yake kwa rangi nyekundu, herufi zenye urefu wa mtu, yasomeke kutoka barabara kuu. Kwa kuwa maneno hayo hayafai kunyeshewa, paa na vigae visiguswe na mtu yeyote. Na kwa kuwa yatakuwa maneno ya uongozi, atakayeinua shoka juu ya mbao hizo ajue ameinua shoka juu ya nini.

Majina yaliyoandikwa kwa wino kwenye boriti ya juu kabisa, ya wale waliochanga na ya fundi mkuu, yakwanguliwe yote. Kazi hiyo ifanywe na Zhou Mugen, mume wako, kwa mkono wake, ili familia ionyeshe msimamo wake.

Hotuba niliyoitoa mkutanoni kuhusu fundi mkuu huyo, Ye Baoshu, itabandikwa darajani na kusomwa mbele ya kijiji kizima, familia yake ikiwa mstari wa mbele.

Ye Qinglai
Ofisi ya Barabara


Banlin, 1 Oktoba 1966

Kwa Ndugu Ye Qinglai.

Umeniita "Ndugu." Neno hilo lilikuwa letu tangu tuzaliwe, sikujua kwamba linaweza kuandikwa likawa baridi hivyo.

Hotuba yako imesomwa. Nakueleza ilivyosomwa ili ujue. Walituweka mbele, mimi, Mugen, watoto na Bibi. Bibi wakamnyima benchi. Suqin akasoma mwenyewe, na jina lako akalisema mwanzo na mwisho. Kwamba Ye Baoshu alikuwa mbwa wa matajiri. Kwamba alijenga daraja hilo ili kina Gan wenye mashamba wapitishe chai yao na maskini wabebe. Kwamba alikula jasho la mafundi wenzake. Kwamba wewe, mjukuu wake, unaona haya kubeba jina lake.

Babu alikufa na deni la misumari ya nyumba yake mwenyewe, na wewe unalijua hilo. Kidole chake cha pili kilikatika akiunganisha upinde wa daraja hilo, magogo yamesukana kama vidole vya mikono miwili, na alikuonyesha wewe, si mimi, jinsi gogo moja linavyomshika mwenzake. Alikubeba begani kukuonyesha.

Mugen alipanda ngazi na tezo. Kila kibanzi cha mti kilisikika kikianguka. Majina ya kina Gan yalitoka, ya kina Zhou yakatoka, la baba yake Mugen mwenyewe likatoka. Alipofika kwenye la Babu alishusha tezo. Suqin akamwambia, "Endelea." Mugen akasema, "Jasho limeniingia machoni." Akaendelea. Usiku huo hakula, na tangu siku hiyo hazungumzi na mimi kuhusu wewe, kwa wema wala kwa ubaya.

Bibi alisimama muda wote. Hakulia. Tulipokuwa tunarudi aliniuliza jambo moja tu: "Ni yeye kweli aliyeandika, au walimwandikia?" Nikatamani kudanganya. Nikamwambia, "Ni mwandiko wake, Bibi." Kwa sababu waliponionyesha karatasi niliutambua, vile unavyokata mkia wa herufi.

Nilikwambia ufanye lolote. Sikujua kwamba ndani ya lolote kuna hili.

Usituandikie tena.

Ye Yinjiao


Mjini, 11 Desemba 1966

Yinjiao,

Umesema nisiandike. Naandika mara hii tu, na kwa ufupi.

Wiki ijayo sitakuwa hapa ofisini. Napelekwa mahali pengine kufanya kazi ya mikono, ni jambo la kawaida, wengi wanakwenda. Usinitafute, usiulizie jina langu kwa mtu, na ukiulizwa sema tuligombana. Huo ni ukweli, utasemeka vizuri.

Baridi ikizidi, theluji iondolewe juu ya paa la daraja kabla haijaganda, lakini kwa ufagio wa mianzi, si kwa koleo. Koleo huvunja vigae.

Mfunike Bibi vizuri. Safari hii namaanisha Bibi yetu.

Qinglai


Banlin, 16 Aprili 1967

Kaka,

Barua hii niliituma ofisini kwenu mwezi uliopita, wakupelekee uliko, ikarudi imepigwa mhuri kwamba hakuna mtu wa jina hilo. Sasa naiandika upya na kumpa mhasi nguruwe, ambaye hupita kila kijiji na kisu chake na anasema amekuona kwenye machimbo ya mawe nyuma ya mlima, ukivuta mkokoteni. Anasema umekonda. Huyu mtu hasomi, na hakuna anayempekua, kwa sababu ya harufu yake.

Nianze na Wengdi, maana huko ndiko macho yangu yalikofunguka. Unalikumbuka daraja la Wengdi, chini yetu mtoni, dogo kuliko la kwetu lakini zuri zaidi, hata Babu alikuwa anakiri. Kule hakuna aliyeandika neno ubavuni. Vijana walishusha vigae mwezi wa kumi na moja kujengea banda la nguruwe. Upinde ukabaki uchi, ukanyeshewa majira yote ya baridi, na mwezi wa pili wakaja na misumeno wakamalizia kwa sababu eti umeshaanza kuoza. Sasa watu wa Wengdi wanavuka kwa chelezo cha mianzi. Mvua za kwanza za mwaka huu zimemchukua mama mmoja na mwanawe. Ni maiti ya mtoto tu iliyopatikana.

Nilirudi kutoka mazishini nikapita darajani kwetu. Mvua ilikuwa inapiga zile herufi nyekundu. Nikasimama chini ya paa, mkavu, nikaisoma tena barua yako ile ya "Ndugu" kichwani, neno kwa neno, maana niliishika yote kwa hasira. Paa na vigae visiguswe na mtu yeyote. Atakayeinua shoka ajue. Nikaketi kwenye benchi la Bibi.

Kwa nini hukuniambia? Najua kwa nini. Uliniambia katika mstari wa kwanza: imesomwa na wote wanaopaswa kuisoma. Na hilo ndilo linaloninyima usingizi, Kaka. Mimi ndiye niliyeandika, "Barua yako nimeichoma kama ulivyosema." Kwa mkono wangu. Walipoisoma walijua kuna aliyetuonya. Ni hiyo iliyokupeleka kwenye mawe, siyo? Ni hiyo iliyokufanya usimame mbele ya watu umtukane Babu?

Sasa la pili, nalo ni zito, kaa chini kwanza. Bibi ametutoka, mwezi wa kwanza, siku ya theluji kubwa. Alikohoa siku chache tu. Unalijua lile jeneza lake ambalo Babu alimchongea tangu wakiwa vijana, lililokaa ukutani miaka yote tukiweka mahindi juu yake. Wale vijana walipopekua, Bibi alikuwa ameshawahi nyumbani, ameketi juu yake anachambua maharage, na hakuna aliyethubutu kumwinua. Tulipolifungua ili tumlaze, Mugen alitoa sauti nikadhani ameumia. Yule wa darajani alikuwa amelala mle ndani, taji, mtoto mkononi, na mkono wa kushoto Bibi ameufunga kwa kitambaa chake cha kichwa.

Mugen akaniuliza, "Tufanyeje?" Nikamwambia, "Wasogeze wote wawili wapate nafasi." Tumewazika pamoja, juu kule kwenye mashamba ya chai. Wabebaji walilalamika njia nzima kwamba kizee kilichokonda namna ile kimekuwaje kizito.

Mdogo wako,
Yinjiao


Machimboni, 3 Julai 1967

Yinjiao wangu,

Mhasi nguruwe amerudi, na ananisubiri nyuma ya banda, akisema nina muda wa kuvuta sigara mbili. Kwa hiyo nitasema ninayoweza.

Si barua yako. Niondolee hilo moyoni mwako. Kuna mwenzetu ofisini aliyekuwa na jicho na nafasi yangu tangu zamani, ndiye aliyesema. Barua yako haikusomwa na mtu ila mimi. Ule mstari niliuandika kujikinga tu.

Hotuba ilikuwa bei. Suqin alitaka moja kati ya mawili, sanamu au daraja. Nilijua Bibi hatatoa. Nikaona lazima niwape kitu cha tatu ambacho kitawashibisha, nami nilikuwa na kimoja tu, jina la Babu. Niliandika asubuhi nzima. Kila nilipoandika tusi nilijiuliza kama linatosha kununua vigae. Lile la mbwa nililiongeza mwisho, kwa sababu niliwaona bado wana njaa.

Sikujua kwamba watawasimamisha mbele bila benchi.

Kumsikia Bibi amelala na yule mwenzake kumenichekesha na kuniliza kwa pamoja, mpaka msimamizi akaniuliza kama nimepigwa na jua.

Nina swali moja, na tafadhali usinizungushe. Katika barua yako umenieleza kikohozi, theluji, jeneza, hata malalamiko ya wabebaji. Hukunieleza Bibi alisema nini kuhusu mimi. Wewe huachi kitu kwa bahati mbaya, nakujua. Alisema nini?

Kaka yako,
Qinglai


Banlin, 22 Novemba 1969

Kaka Qinglai,

Zaidi ya miaka miwili sikupata wa kumtuma. Mhasi nguruwe walimkamata kwa kufanya biashara ya binafsi. Sasa barua hii inakuja kwa njia ya halali, kwenye bahasha ya kijiji, na anayetaka kuisoma aisome. Kuna mambo ambayo mtu akichoka kuyaogopa yanabaki kuwa maneno tu.

Waliandika kutoka machimboni kwamba unaweza kurudishwa kijijini ufanye kazi chini ya uangalizi, lakini sharti kijiji kikubali kukupokea. Mkutano ulifanyika juzi, darajani, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na hakuna paa jingine la kutosha watu wote.

Sikulala siku tatu kabla yake. Mwenyekiti alisoma ombi, akauliza nani ana neno. Mmoja wa vijana wetu akasema, "Mtu aliyemwita babu yake mbwa, sisi atatuita nini?" Wengine wakaguna kukubali. Mama mmoja akasema majina yaliyokwanguliwa ni ya wazee wetu sote, na mizimu haisahau. Nilisimama nikajaribu kueleza, kisha nikaketi. Mimi ni dada yako, nani atanisikiliza?

Akainuka Mzee Gan. Hukuona alivyoteseka miaka hii kwa ajili ya jina la baba yake, kofia ya karatasi ya kuaibishwa kichwani, kufagia vyoo. Nikasema moyoni, basi, yamekwisha. Alichukua muda kusimama sawasawa. Akasema, "Jina la baba yangu lilikuwa hapa juu, na Qinglai ndiye aliyelitoa. Nilimlaani. Nimemlaani mara nyingi." Kisha akanyoosha mkono nje ya ubavu wa daraja, kwenye mvua, akaurudisha umelowa, akawaonyesha. "Wafu hawalowi. Tunaolowa ni sisi. Wengdi wana majina yao yote kwenye boriti yao, na boriti yenyewe iko wapi? Mimi nasema aje."

Mwenyekiti akaomba mikono. Wa Mugen ulikuwa wa kwanza kupanda. Miaka mitatu hakulitaja jina lako, na mkono wake ulikuwa wa kwanza. Yule kijana hakuinua wake, wala yule mama. Lakini waliotaka uje wamewazidi. Kwa hiyo unakuja, Kaka. Watakuleta kabla ya mwaka mpya.

Sasa swali lako. Mara tatu nimeandika jibu la uongo nikalichana. Wewe ulinidanganya kwa kunipenda, kuhusu barua yangu kusomwa. Suqin mwenyewe aliniambia mwaka jana, alipopita hapa akielekea kufanya kazi vijijini, hana kitambaa tena mkononi. Alisema waliisoma kwa sauti, wewe ukiwa umesimama mbele yao. Nashukuru kwa uongo ule. Mimi siwezi kukulipa kwa uongo.

Bibi hakukusamehe. Nilijaribu kumwambia pengine kuna sababu, nami wakati huo sikuijua, kwa hiyo nilisema bila nguvu. Siku ya mwisho akili yake ilikuwa safi kabisa. Alinishika mkono akasema, "Huyo mwingine, siku akirudi, asivuke lile daraja." Ndiyo hayo tu. Hakusema zaidi, na saa moja baadaye alikuwa ametutoka.

Mugen alisikia, na mimi nilisikia. Hatukumwambia mtu mwingine.

Nawe unajua kwamba barabara inaishia ng'ambo, na kuja nyumbani hakuna njia nyingine ila kupita pale. Nimelifikiria hili tangu mkutano ulipokwisha. Jana nilipanda kule kwenye chai nikapalilia kaburi, kisha nikaketi nikamweleza Bibi yote kwa sauti, kama mtu anayemsomea barua: hotuba, vigae, Wengdi, mkono wa Mzee Gan. Nilimaliza nikasubiri. Upepo ulikuwa mwingi, majani yakatikisika, lakini majani hutikisika kila siku. Siwezi kukuambia kwamba alinijibu.

Basi katika ukoo huu aliyebaki na sauti ni mimi, na mimi nasema vuka.

Ndugu yako,
Yinjiao